Sheikh Ramiya na silsila ya Bagamoyo

Kuenea kwa tarika ya Qadiriyya pwani ya Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20 mara nyingi huelezwa kuwa njia ya watumwa na watoto wao kujitafutia heshima waliyonyimwa na waungwana. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo utotoni kutoka Kongo akiwa mtumwa; baadaye akafanya biashara na kumiliki mashamba ya minazi. Angetaka cheo tu, mali ingemfikisha. Yeye alijitia katika elimu, akawa khalifa wa tarika.

Itasemwa kwamba elimu nayo ilikuwa cheo. Ni kweli. Lakini cheo hakielezi kwa nini mafukara wasiotarajia shamba wala madaraka walikesha katika zikri. Utumwa ulikuwa umewatenga na nasaba zao. Silsila ya tarika, yaani mnyororo wa masheikh unaompandisha mwanafunzi hadi kwa Abdulqadir Jilani wa Baghdad na hatimaye kwa Mtume, iliwapa ukoo mpya na sababu ya kuishi ambayo hakuna bwana aliyeweza kuidai. Ramiya alipofariki mwaka 1931, mwanawe Muhammad alishika uongozi, na maulidi ya Bagamoyo yakaendelea kukusanya wafuasi.