Kithaka wa Mberia: Mwanafikra Aliyefinywa na Mtihani

Waliosoma sekondari nchini Kenya katika miaka ya 2000 wanamkumbuka Mtemi Bokono wa Butangi. Wanakumbuka jinsi utawala wake ulivyohodhi maji, jinsi Mwelusi alivyosimama kuupinga, na jinsi Gege, nduguye Mwelusi, alivyokubali kutumiwa kumuua. Wengi wao hadi leo watakutajia sifa za kila mhusika, kwa kuwa kila sifa ilikuwa na alama yake katika mtihani. Lakini waulize mwandishi wa tamthilia hiyo, Kifo Kisimani, anatoka wapi na alikuwa anatuuliza nini. Hapo watanyamaza.

Kithaka wa Mberia ni mtu wa Tharaka. Ukiteremka kutoka Chuka, kwenye chai na kahawa, kuelekea Marimanti huko Tharaka, nchi inabadilika: joto, mtama, mawele, mbuzi, mizinga ya nyuki mitini. Hadi 1992 eneo hilo lilikuwa ndani ya wilaya ya Meru, nalo lilikuwa pembezoni mwake. Aliyelelewa kwenye ukame haambiwi kwamba mwenye kushika maji ameshika roho za watu.

Jina lake lilianza kuvuma 1997. Mwaka huo, wakati Wakenya walipokuwa wakijiandaa kwa uchaguzi na Likoni ikiwaka moto wa ghasia, yeye alitoa tamthilia ya Natala na diwani ya Mchezo wa Karata. Katika Natala, mwanamke anayeaminiwa kuwa mjane anakataa kurithiwa na shemeji yake, tena anakataa waziwazi. Katika mashairi alivunja mwiko mwingine: aliacha vina na mizani, na mara nyingine maneno yenyewe akayapanga ukurasani yachore kile yanachokisema. Euphrase Kezilahabi alikuwa amewasha moto wa ushairi huo huru Tanzania kwa diwani ya Kichomi mwaka 1974. Kithaka, ambaye amefundisha isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliukoleza upande huu wa mpaka.

Kifo Kisimani ilitoka 2001, Rais Moi akiwa bado madarakani na KANU ikiwa bado chama tawala. Wasomaji hawakuhitaji kuonyeshwa Bokono ni mfano wa nani. Ila kumsoma Kithaka kama mtu aliyekuwa akimsema rais mmoja ni kumpunja. Tazama mauaji yenyewe. Bokono hachafui mikono yake. Anachofanya ni kumwahidi Gege binti yake, Alida, na ahadi hiyo inatosha kumfanya mtu amwage damu ya ndugu wa tumbo moja. Hilo ndilo swali zito la tamthilia: dhalimu anapata wapi mikono ya kumfanyia kazi? Kithaka anajibu kwamba anaipata kwetu, nyumbani, miongoni mwa walioonewa wenyewe, na kwamba bei yake mara nyingi ni ndogo. Naona jibu hilo ni la mwanafalsafa, ingawa limevaa nguo za jukwaani.

Mwaka 2004 alirudi na Maua Kwenye Jua la Asubuhi, juu ya jamii jirani zinazochinjana kwa sababu ya ukabila. Moi alikuwa ameshaondoka na nchi ilikuwa bado na furaha ya mabadiliko. Miaka mitatu baadaye uchaguzi wa 2007 ukazaa ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100. Hakuwa nabii. Alikuwa ameitazama nchi yake bila kujidanganya.

Shule zilimpa umaarufu, kisha zikaufinya. Maelfu ya watahiniwa walikariri maudhui, dhamira na tamathali za usemi, wakavuka, wakakifunga kitabu. Katika mazungumzo yetu kuhusu wanafikra wa Kenya, jina la Ngũgĩ wa Thiong'o huja kwanza, kwa haki kabisa, lakini nani humtaja huyu aliyeamua kufikiri kwa Kiswahili ili Mtharaka, Mmeru, Mwembu na Mpokomo wamsome bila mkalimani?

Walimu wa Meru, Embu na Tharaka-Nithi, na nyinyi wa Chuo Kikuu cha Chuka mlio jirani zake: mtoeni Mwelusi kwenye karatasi ya mtihani. Igizeni Kifo Kisimani Marimanti, sokoni, siku ya soko, na watu waachiwe nafasi ya kuzungumza baada ya onyesho.