Mgomba Hauna Mbegu

Nyuma ya nyumba yangu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, nina mashina tisa ya migomba, na humo mna aina sita. Majirani hunicheka. Mwenye akili, wanasema, hupanda aina moja, ile inayonunuliwa na lori la Kampala. Mimi nataka nipike hii leo na ile kesho, kisha nibishane na mume wangu ipi tamu.

Nilivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2008 nikitoka Rutshuru, Kongo, mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Mbegu za maharage nilizifunga kwenye pindo la kitenge. Mgomba haufungwi kwenye pindo. Hauna mbegu, lazima uchimbe chipukizi, ulikate kwenye shina la mama yake, ulibebe begani na udongo wake. Anayekimbia usiku hana bega la ziada. Ndiyo maana kila niuonapo mgomba najiuliza nani aliubeba, na alikuwa na nafasi gani.

Nilipofika nilidhani Ankole, eneo hili, ni nchi ya matoke, ndizi za kupika, tangu Adamu. Mzee mmoja Mnyankore, ambaye ng'ombe wake hupita karibu na shamba letu, alinirekebisha. Utotoni kwake, alisema, mgeni aliandaliwa karo, yaani ugali wa wimbi, na maziwa. Migomba ilikuwepo, lakini sifa ya matoke ilikuwa ya Buganda. Ni katika nusu ya pili ya karne ya 20, ardhi ya Buganda ilipochoka na wadudu wakazidi, ndipo kilimo kikubwa cha matoke kilipohamia huku magharibi. Leo Mbarara na Isingiro ndizo zinazopakia malori. Makazi yetu nayo yalianzishwa mwaka 1958, yakatangazwa rasmi 1960, wakati wa wakimbizi Watutsi kutoka Rwanda. Kambi na malori ya matoke, kumbe, ni karibu marika.

Sasa aina zangu. Enyeru ndiyo ya kila siku: huiva laini, haigombani na mchuzi. Mpologoma ni simba kwa Kiganda, na mkungu wake kweli ni wa kutisha, ila mimi huona ladha imepungua mahali ukubwa ulipoongezeka. Nakabululu ni kinyume chake. Mkungu mfupi, ndizi zimebanana kama watoto kitanda kimoja, mfanyabiashara hautaki kwa kuwa haukai vizuri kwenye lori. Hiyo ndiyo nawapikia wageni. Entundu si ya chungu: ukiikata ikiwa mbichi unaona utomvu wa kahawia, ukiilamba inakaza ulimi. Hiyo ni ya tonto, pombe ya hapa, ndugu wa kasiksi yetu. Watu wa Rwanda wanayo Intuntu, na sikio lolote linasikia kwamba hayo ni majina ya nyumba moja.

Mwaka 1998 mtafiti wa Uganda, Deborah Karamura, alizipanga aina 84 za ndizi za nyanda za juu katika makundi 5 kwa kutazama umbo la mmea: Nfuuka, Nakitembe, Nakabululu, Musakala na Mbidde, hili la mwisho likiwa la pombe. Waliopima vinasaba baadaye walikuta kwamba zote karibu ni damu moja, kana kwamba mgomba mmoja wa kale uligawanywa chipukizi kwa chipukizi, na pale mmoja ulipobadilika kidogo, mkulima akaona, akaupa jina, akautunza kando.

Bogoya haimo katika ukoo huo. Dunia inaiita Gros Michel, na ndiyo iliyojaza meli za Amerika ya Kati hadi ugonjwa wa Panama ulipoyamaliza mashamba yale, wafanyabiashara wakahamia Cavendish kufikia miaka ya 1960. Huku Mbarara bado inauzwa kando ya barabara.

Ya sita niliipata kwa mdomo. Miaka mingi nilisikitika kwamba Kamaramasenge, ndizi ndogo ya utotoni, ilibaki Rutshuru. Siku moja sokoni Mbarara nikanunua chane ya vindizi vidogo, nikamenya kimoja pale pale, nikasimama.

"Mama, hii mnaiitaje?"

"Sukari ndizi."

Kumbe ilinitangulia kufika. Nilikuwa nimepita mbele yake kila siku ya soko kwa sababu ya jina tu.

Mwaka jana nilipoteza shina la Enyeru, na kosa ni langu. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, na kila mkulima ameshaambiwa: vunja ua la zambarau kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasilete ugonjwa, na panga lipitishe motoni au kwenye jiki. Nilimwazima jirani panga, likarudi, nikakata majani bila kulichoma. Wiki chache baadaye majani yalilegea, ndizi zikaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Niling'oa shina lote huku mume wangu akinyamaza kwa makusudi.

Hapo pamekaa maharage msimu mzima, udongo upumzike. Yule mzee wa ng'ombe ameniahidi chipukizi la Enyeru mvua za Oktoba zikikolea. Ameniambia nije na panga langu, na kiberiti.