Kuwatilia Wafu Maneno Kinywani: Je, Ni Haki?

Watu wengi hupenda habari za zamani, lakini si wote wapendao kuzisoma katika vitabu vya historia. Historia, wasema, ni miaka na mikataba. Hadithi ina watu ndani yake. Kwa sababu hiyo huko Uingereza wametunga vitabu vingi vya hadithi juu ya mwanzo wa karne ya 20: majumba makubwa ya mabwana na watumishi wao, wanawake waliodai haki ya kupiga kura, na zaidi Vita Kuu ya 1914-1918. Lakini wasomaji wa vitabu hivyo hawapatani. Tuwasikilize kwanza, kisha tupime.

Wako wanaosifu. Wao husema: Hadithi yatuingiza nyumbani mwa watu, tukaona walivyokula, walivyoogopa, walivyoomboleza. Wako wanaolaumu. Hao husema: Watu wa 1910 wanafikiri kama watu wa leo, mtumishi ajibizana na bwana wake kwa maneno ambayo siku zile yangalimfukuzisha kazi. Tena wako wa tatu, wanaouliza neno kubwa zaidi: Je, ni ruhusa kumtilia mtu aliyekufa maneno ambayo hakuyasema?

Tutwae mfano mmoja. Mwaka 1991 Pat Barker, mwanamke Mwingereza, alitoa kitabu kiitwacho Regeneration. Vikafuata viwili, 1993 na 1995, na kile cha mwisho, The Ghost Road, kilipata tuzo ya Booker. Kitabu cha kwanza chasimulia habari za mwaka 1917 katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na mji wa Edinburgh. Humo waliletwa maofisa ambao vita vilikuwa vimewavunja akili: wengine walitetemeka, wengine walishikwa na kigugumizi, wengine waliogopa kulala kwa sababu ya ndoto.

Wengi wa watu wa kitabu hiki waliishi kweli. Siegfried Sassoon alikuwa ofisa aliyepewa nishani kwa ushujaa wake. Mwaka 1917 aliandika tamko kwamba vita vinarefushwa kusudi na wale wenye uwezo wa kuvikomesha, na mwezi wa Julai tamko lile likasomwa bungeni. Wakubwa hawakumshitaki, walisema ni mgonjwa, wakampeleka Craiglockhart. Huko daktari W.H.R. Rivers alipewa kazi ya kumponya, yaani kumrudisha vitani. Huko pia Sassoon alionana na kijana Wilfred Owen, akamsaidia kutengeneza mashairi yake. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, siku saba tu kabla vita havijakoma. Sassoon aliishi hata 1967, na mwaka 1957 alipokelewa katika Kanisa Katoliki.

Hayo yote ni kweli. Lakini Billy Prior, ofisa aliyetoka katika jamaa ya wafanyakazi, hakuishi kamwe, ametungwa. Na mazungumzo ya Rivers na Sassoon chumbani, nani aliyeyasikia? Mwandishi ameyatunga pia.

Hapo ndipo penye shida. Katika kitabu hiki yumo daktari mwingine wa kweli, Lewis Yealland, wa hospitali moja ya London. Mwaka 1918 yeye mwenyewe aliandika jinsi alivyomponya askari aliyepoteza usemi: alifunga mlango kwa ufunguo, akamtia umeme kwa saa nyingi, mpaka akasema. Barker aliitwaa habari hiyo, akamweka Rivers chumbani kama shahidi, ili msomaji aone kwa macho ya mtu mpole. Mambo yenyewe Yealland aliyaandika kwa mkono wake, shahidi ametungwa. Tangu hapo wasomaji wengi wanamjua Yealland kwa chumba kile tu. Lakini umeme haukuwa dawa yake pekee, wala yeye hakuwa daktari pekee aliyeutumia siku zile. Je, amehukumiwa kwa haki? Wahenga walisema: Maiti haulizwi sanda. Naam, haulizwi, kwa hiyo amvikaye sanda yampasa kuogopa zaidi.

Je, tuvitupe vitabu hivi? Hasha. Sassoon mwenyewe aliandika habari za maisha yake kama hadithi, akijiita George Sherston, na huyo Sherston hata si mshairi! Ikiwa aliyeyaona mambo kwa macho yake alihitaji hadithi ili aweze kuyasema, tusimkataze aliyezaliwa baadaye. Tena Barker ameweka mwishoni mwa kitabu maelezo ya kutenga yaliyotukia na yaliyotungwa. Huo ni uaminifu. Msomaji asiyefungua ukurasa ule amejidanganya mwenyewe.

Liko neno moja la kuongeza. Vita vile vile vilifika Afrika yetu. Mwaka 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora, na nyuma yao walikuwako wapagazi wengi, mizigo kichwani, na wengi wao walikufa njiani kwa njaa na magonjwa. Maofisa wa Craiglockhart waliandika barua na mashairi. Ndiyo maana mwandishi wa 1991 aliweza kuwafufua. Wapagazi hawakuacha karatasi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Basi, msomaji, ukishika hadithi ya zamani, uliza: Nani aliishi kweli? Nani ametungwa? Na nani hakutajwa kabisa? Na kama nyumbani kwenu yuko mzee anayekumbuka aliyosimuliwa na babu yake juu ya safari zile, chukua daftari, uandike maneno yake kama anavyoyasema, pamoja na jina lake na mwaka. Hapo wajukuu wetu hawatalazimika kututungia maneno.