Marian Anderson na Lugha za Wengine: Miaka ya Mwanzo, 1924-1935

Marian Anderson, mwimbaji Mweusi wa Marekani mwenye sauti ya kontralto, iliyo nzito kuliko sauti zote za kike, hukumbukwa hasa kwa tarehe 9 Aprili 1939. Siku hiyo aliimba uwanjani mjini Washington mbele ya watu wapatao 75.000, baada ya kunyimwa ukumbi kwa sababu ya rangi yake. Sifa za siku hiyo zimeifunika miaka ya mwanzo wa kazi yake. Katika miaka hiyo kizuizi cha rangi kilijificha ndani ya kizuizi kingine kisichotajwa sana, nacho ni lugha.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 27 Februari 1897. (Mwenyewe alizoea kutaja miaka ya baadaye, na vitabu vingi vikamfuata, mpaka cheti cha kuzaliwa kilipolisahihisha jambo hilo.) Baba yake, mwuza barafu na makaa ya mawe, alifariki Marian akiwa bado mtoto. Mama yake akafua nguo za watu na kufanya usafi dukani ili kuwalea mabinti zake watatu. Kanisa la Union Baptist, alikoimba kwaya tangu utotoni, lilichanga fedha ili afundishwe. Lakini alipokwenda kujiandikisha katika shule moja ya muziki mjini humo, aliambiwa mlangoni kwamba hawapokei watu wa rangi.

Kukataliwa huko kulikuwa na gharama isiyoonekana mara moja. Shule ya muziki haifundishi kupumua na kupandisha sauti tu. Hufundisha pia Kiitalia, Kifaransa na Kijerumani, kwa kuwa nyimbo za Ulaya huimbwa katika lugha zilimotungwa. Mwalimu wake wa faragha, Giuseppe Boghetti, alimjengea sauti na kumzoeza Kiitalia. Kijerumani alikijua kwa sikio tu, silabi baada ya silabi.

Mwaka 1924 aliimba katika ukumbi wa Town Hall, New York. Alikuwa ameahidiwa ukumbi uliojaa, naye akakuta viti vitupu vingi. Magazeti ya kesho yake yaliisifu sauti, lakini yalisema kwamba wimbo wa Brahms uliimbwa kama kitu kilichokaririwa. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, na ndiyo maana ilichoma. Akaacha kuimba kwa miezi kadhaa, akifikiria kutafuta kazi nyingine.

Mtu wa isimu huelewa upesi kilichotokea. Mwimbaji hukaa juu ya irabu. Konsonanti hupita tu. Kijerumani kina irabu za mbele zinazotamkwa kwa midomo iliyoviringwa, ambazo Kiingereza hakina, na kosa ambalo katika mazungumzo lingepita bila kusikika, katika wimbo hurefushwa kwa muda wote wa noti. Juu ya matamshi iko maana: asiyejua kitenzi kiko wapi hawezi kujua pa kuvuta pumzi. Wanakwaya wa misioni za Katanga, walioimba Kilatini kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, waliijua hali hiyo. Wao, hata hivyo, hawakuhukumiwa magazetini.

Mwaka 1925 Anderson aliwashinda washindani wapatao 300 na kuimba pamoja na okestra ya New York Philharmonic. Ushindi huo haukumfungulia kumbi kubwa kama alivyotumaini. Aliendelea kuimba makanisani na katika vyuo vya Weusi, akisafiri kusini katika mabehewa waliyotengewa. Alipofika London mwaka 1927, mwalimu mzee Raimund von Zur Mühlen alimsikiliza akiimba Schubert, kisha akamwuliza kama aliyajua maneno yale. Alikiri kwamba hakuyajua neno kwa neno. Basi usiuimbe, akaambiwa. Mzee alikuwa mgonjwa, na masomo yakakoma mapema mno.

Jibu la swali hilo lilipatikana Berlin. Kwa msaada wa mfuko wa Rosenwald, mwaka 1930 alikwenda kuishi katika nyumba ya Wajerumani, akajifunza lugha mezani na sebuleni. Kutoka huko alialikwa nchi za Skandinavia, ambako yeye na mpiga piano Kosti Vehanen wa Finlandi walifanya matamasha zaidi ya mia moja kwa mwaka mmoja hivi. Huko aliimba hata Kifini na Kiswidi.

Tarehe 30 Desemba 1935 alisimama tena Town Hall. Mguu wake, uliovunjika melini wakati wa kurudi, ulikuwa ndani ya plasta chini ya gauni refu, na pazia lilifunguliwa akiwa tayari ameegemea piano. Katika programu zilikuwamo nyimbo za Schubert, kwa Kijerumani.