Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe liko wapi?

Leo tuachane kidogo na siasa za Dar, twende Katavi.

Ukifika Kabungu uko Wilaya ya Tanganyika, wilaya moja na Mwese na Mishamo. Majina hayo mawili ni kurasa za historia ya ukimbizi nchini kwetu. Mwese ilipokea Wanyarwanda miaka ya 1960. Mishamo ilifunguliwa 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, baada ya makazi ya Katumba, hapo hapo Mpanda, na Ulyankulu kule Tabora.

Nimeipeleka huko hoja moja inayozua ubishi duniani kote: nani anastahili chakula cha msaada, na mpaka lini?

Tusidanganyane, Tanzania ya Mwalimu haikuwa na sheria laini. Sheria ya kudhibiti wakimbizi ya 1965 ilimtaka mkimbizi akae alikopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Posho nayo haikuwa ya milele. Ila kila familia ilipewa ardhi, takriban hekta 5. Watu walikula posho huku wakifyeka pori. Mavuno yalipoingia, posho ikakoma. Mwaka 1985 UNHCR ikaikabidhi Mishamo kwa Serikali. Wakazi wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakauza, wakalipa kodi. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu wakapewa uraia.

Ndiyo maana ya ule msemo wetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Una sehemu mbili, chakula na jembe. Kubana chakula kabla jembe halijatolewa ni kuukata msemo katikati.

Sasa tupande hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo, na miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Safari hii hakuna hekta 5. Kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa. Mwaka 2017 mpango wa WFP wa kuwapa watu fedha taslimu badala ya unga ukasimamishwa na Serikali. Mwaka 2023 wafadhili walipopunguza fedha, mgao ukashuka hadi nusu. Mtu wa Mishamo posho ikipungua alikuwa na muhogo shambani. Wa Nyarugusu anakimbilia wapi?

Wakongo wengi wa kambi hiyo walihamishiwa Marekani. Kule, mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi tangu anapofika, na kwa miaka mingi alistahili pia msaada wa chakula wa serikali. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alisaini sheria iliyobana masharti ya msaada huo. Wasio na ulemavu wala watoto wadogo sasa wanatakiwa kuthibitisha kwamba wanafanya kazi hadi umri wa miaka 64, badala ya 54. Na wakimbizi wakaondolewa kabisa kwenye orodha, mpaka wapate ukaazi wa kudumu, ambao huombwa baada ya mwaka mzima.

Yaani Nyarugusu alipewa chakula bila jembe. Marekani anapewa jembe, lakini zile siku mbili za mwanzo zimefutwa.

Wanaotunga sheria hizi husema wanapiga vita utegemezi. Hoja hiyo siidharau, maana hata Mishamo posho ilikoma. Lakini iliyoimaliza haikuwa kifungu cha sheria. Ilimalizwa na mahindi. Mbunge anayetaka kufuta posho aulizwe kwanza amegawa hekta ngapi.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?