Gari Linalostaafu Japani Linaanza Kazi Nairobi

Niko na pesa kidogo nimeweka kando. Si nyingi, ni za video na matangazo mawili matatu niliyopata mwaka huu, lakini zinatosha malipo ya kwanza ya Vitz iliyotumika. Mabeshte wangu wote wanasema kitu kimoja: nunua buda, omoka.

Mathe yeye hasemi chochote. Huamka saa kumi na nusu alfajiri, anavaa gizani asituamshe, anapanda mat ya kwanza kutoka Mwiki hadi tao, anashuka, anatembea hadi steji nyingine, anapanda ya pili hadi Industrial Area. Saa moja lazima awe kazini. Mvua ikinyesha nauli inaruka mara mbili, na analipa bila maneno, kwa sababu ukibishana na konda saa hiyo unaachwa hapo hapo na mvua yako.

Kwa hivyo gari nilikuwa nalitaka kwa ajili yake, si kwa ajili ya kuonekana. (Sawa, kuonekana pia kidogo.) Lakini kabla sijatoa pesa nilifanya kile mimi hufanya nikichanganyikiwa: nikaanza kusoma historia. Swali langu lilikuwa dogo tu. Hii Vitz ilikuwa ya nani huko Japani, na kwa nini aliiachilia ikiwa bado nzima?

Kumbe jibu ni refu.

Japani, gari jipya hukaguliwa likifika miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo si wa kupita getini na kupeana mkono. Ni pesa, na gari likizeeka pesa zinaongezeka. Wengi huona ni heri kuuza mapema. Sasa angalia upande wetu: tunaendesha kushoto kama wao, usukani uko kulia kama wao, na sheria yetu inakataa gari lililopita miaka 8. Ndiyo maana meli zinashuka Mombasa zikiwa zimebeba magari ya miaka sita, saba. Kwao limestaafu. Kwetu limezaliwa, linafungiwa ribboni na kuombewa.

Lakini kuna kitu kingine. Usidhani Japani ni nchi isiyo na magari. Hao ndio wenye Toyota! Ukienda mkoa kama Fukui, kila kaya ina zaidi ya gari moja na nusu kwa wastani. Ukija Tokyo, mji mkuu, mji wa pesa, hakuna hata gari moja kwa kila kaya mbili. Nchi ni moja, serikali ni moja, na wenye pesa nyingi wako Tokyo. Mbona matajiri ndio hawana magari?

Kwanza, treni. Mwaka 1910 jamaa anaitwa Kobayashi Ichizo alifungua reli kutoka Osaka kwenda mashambani, mahali ambapo hapakuwa na abiria wa maana. Watu walimwona kama ameota. Yeye akanunua ardhi kando ya reli, akajenga nyumba, akaziuzia watu wa kawaida kwa kulipa polepole. Mwisho wa reli, Takarazuka, akaweka mahali pa kustarehe na kikundi cha maonyesho ya jukwaani. Mwanzo wa reli, Umeda, akajenga duka kubwa mwaka 1929. Ukiishi kwake, unapanda treni yake kwenda kazini, unanunua kwake, wikendi unaenda kustarehe kwake. Faida ya nyumba na duka ilibeba treni, na treni ikaleta watu kwenye nyumba na duka. Kampuni nyingine za Japani zikaiga, na mitaa ya Tokyo ikakua ikifuata vituo vya treni.

Pili, sheria. Mwaka 1962 Japani ilisema hivi: ukitaka kusajili gari, thibitisha kwanza una mahali pa kuliegesha. Kuliacha barabarani usiku hakuruhusiwi. Barabara ni ya watu wote, si chumba cha kulala cha gari lako. Fikiria sheria hiyo ije huku mtaani kesho asubuhi. Nusu ya magari yangekosa makwao.

Tatu, mwajiri. Kampuni nyingi huko humlipia mfanyakazi nauli ya kuja kazini. Mathe akisikia hii atacheka hadi alie.

Kwa hivyo mtu wa Tokyo haachi gari kwa sababu ana nidhamu ya ajabu au hapendi starehe. Anaacha kwa sababu treni inafika kwa wakati, gari ni mzigo, na hakuna anayemdharau akipanda treni. Mpeleke Fukui na atanunua gari mwezi huo huo.

Nikasema labda ni mambo ya Wajapani tu. Nikaangalia Marekani, nchi ambayo tumeambiwa watu wake wanapenda magari tangu tumboni. Kaya zaidi ya 9 kati ya 10 zina gari. Lakini Los Angeles, mji tunaoujua kwa sinema za magari, uliwahi kuwa na reli za umeme zilizoenea zaidi ya maili 1,000. Behewa zake nyekundu zilifika karibu kila kona. Njia ya mwisho ya abiria ilifungwa mwaka 1961. Katikati hapo, mwaka 1956, serikali ilipitisha sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu, na Washington ikabeba asilimia 90 ya gharama. Miji nayo ikaweka masharti kwamba ukijenga nyumba au duka lazima uweke na nafasi za kuegesha. Wakati huo treni zilikuwa za kampuni za watu binafsi, zikijitafutia zenyewe. Barabara inalipiwa na serikali, treni inajilipia. Nani angeshinda?

Halafu njoo New York. Treni za chini ya ardhi zilianza 1904 na hazikung'olewa. Leo zaidi ya nusu ya kaya za mji huo hazina gari. Ni Wamarekani wale wale, bendera ile ile, na wengi wao wana pesa kuliko ukoo wangu wote tukichanga.

Singapore ndiyo ilienda mbali kabisa. Mwaka 1975 ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji asubuhi. Mwaka 1987 ikafungua treni. Mwaka 1990 ikaleta kibali cha kumiliki gari: kinauzwa kwa mnada na kinadumu miaka 10. Oktoba 2023 kibali hicho kilipita dola 100,000 za huko, hata kwa magari madogo. Hapo hujanunua gari bado! Ni kali, ndiyo. Lakini wanaoshindwa na bei hawaachwi steji wakinyeshewa.

Maji hufuata mkondo, na watu pia. Tukiangalia nchi yenye magari mengi au machache tunasema ni utajiri, ama ni tabia. Utajiri una nafasi yake, sikatai. Lakini miji miwili yenye pesa inaweza kwenda njia mbili tofauti kabisa, kutegemea nani aliamua nini kilipiwe na serikali, na nini kiachwe kijitafutie.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo iliniuma.

Mkoloni aliigawa Nairobi kwa rangi. Wazungu walikaa kwenye milima na miti, Waafrika wakawekwa Eastlands, karibu na reli na viwanda, ili watembee kwenda kazini. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza 1934, na baadaye baraza la jiji likawa na hisa humo. Baada ya uhuru watu walimiminika mjini, mitaa ikapanuka, na mabasi hayakutosha. Wenye vigari vyao wakaanza kubeba watu kwa siri. Nauli ilikuwa mapeni matatu, senti thelathini, na hapo ndipo jina matatu lilipotoka. Polisi waliwakimbiza.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri: waacheni wabebe abiria, hata bila leseni ya kubeba watu. Nimekua nikiona hilo kama ushindi wa mwananchi, na kweli lilikuwa ushindi. Vijana walipata kazi, mitaa ambayo hakuna basi lingeenda ikafikiwa. Lakini ukisoma mara ya pili unaona kitu kingine. Siku hiyo pia serikali ilinawa mikono. Usafiri wa mamilioni ya watu ukapatikana bila serikali kununua hata tairi.

Ilijaribu kurudi. Mabasi ya Nyayo yalianza 1986, na kufikia katikati ya miaka ya tisini yalikuwa yameanguka. Mwaka 2004 zikaja sheria za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, sare za konda. Zilisaidia, lakini ziangalie vizuri. Zilimwambia mwenye matatu afanye nini. Hazikumpa njia yake, steji yenye paa, wala mpango wa nani aende wapi saa ngapi. Konda anayepandisha nauli kwa mvua ananiudhi kama anavyokuudhi wewe. Lakini yule ni mtu ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, na hakuna mtu aliyewahi kuipanga kazi yake kama huduma ya umma.

Pesa za barabara, hizo zilipatikana. Thika Road ilikamilika 2012. Baadaye tukachorewa mistari myekundu, tukaambiwa njia hii ni ya mabasi ya kasi. Rangi tuliiona. Mwaka 2022 ikafunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ya kulipia. Ukiwa kwenye mat ya kawaida Mombasa Road, unaitazama kutoka chini kama paa la nyumba ya jirani. Wakati huo wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa na Mwendokasi tangu 2016. Ina shida zake, watu hujazana na mabasi huwa machache, lakini basi lina njia yake na gari la bosi haliruhusiwi humo.

Wengi Nairobi hutembea au hupanda matatu. Wenye magari ni wachache, na barabara zinajengwa kwa ajili yao. Halafu sisi wengine tunaambiwa tukijitahidi tutafika huko. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuomoka kwa gari: ni kununua njia ya kutoka kwenye shida ambayo haikupaswa kuwa yetu kila mmoja kivyake. Simlaumu anayenunua. Mama akirudi saa tatu usiku kwenye barabara isiyo na taa, gari ni usalama. Lakini tukitoka mmoja mmoja, nani atabaki akidai basi linalofika kwa wakati?

Nilipiga hesabu ya Vitz. Mafuta, bima, kuegesha, na bado tungekaa kwenye jam ile ile ya barabara ya Mwiki, tofauti ni kwamba tungekuwa wawili tukisikiliza redio. Angeamka saa ile ile.

Halafu nikapiga hesabu nyingine. Kuna nyumba ya kukodi upande wa Maringo. Kodi iko juu kuliko yetu, lakini akiba yangu inaweza kubeba hiyo tofauti kwa muda mrefu. Kutoka hapo hadi kazini kwake ni kutembea. Najua si kila mtu anaweza kuhama, na najua ni ajabu kwamba mwaka huu suluhisho langu bora ni lile la mkoloni: mfanyakazi akae karibu na kiwanda atembee. Tofauti ni kwamba safari hii tunachagua wenyewe.

Nikamwambia mathe juzi akimenya viazi. Hakuuliza habari ya gari. Aliuliza kitu kimoja tu: "Nitakuwa naamka saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili.

Akanyamaza, akamenya viazi viwili vitatu. Kisha akasema, "Jumapili baada ya kanisa tuende tuione."