Rasi ya Kaskazini na Msafiri wa Peke Yake

Barabara ya E69, katika ncha ya juu kabisa ya Norwei, humalizikia kwenye uwanja wa kuegesha magari. Mpanda pikipiki aliyetoka Oslo peke yake huwa amekwisha kukata zaidi ya kilomita 2,000 anapofika hapo. Amepita Trondheim na Alta, akaiacha barabara kuu kule Olderfjord, na kutoka hapo akabakiwa na kilomita 129 za lami iliyobanwa kati ya bahari na mwamba. Miti imetoweka njiani pasipo yeye kutambua ilikomea wapi hasa. Mlango wa bahari unaokitenga kisiwa cha Magerøya na bara ameuvuka kwa handaki la karibu kilomita 7, linaloteremka hadi mita 212 chini ya usawa wa maji kisha likapanda tena. Mwishoni anavua kofia yake ngumu, anatembea hadi kwenye tufe la chuma lililosimamishwa ukingoni, na kupiga picha. Mbele yake jabali linaporomoka mita 307 hadi majini. Hapa ndipo Nordkapp, Rasi ya Kaskazini, na kwa waendesha pikipiki wengi wa Ulaya hapa ndipo ulimwengu unapokatikia.

Tatizo ni kwamba haukatikii hapo. Ukisimama kwenye tufe lile na kutazama magharibi, utaona ulimi wa ardhi uliolala chini, karibu sawa na maji, ukiingia baharini kuipita rasi. Jina lake Knivskjellodden, nao uko kaskazini zaidi kwa takriban kilomita moja na nusu. Pikipiki haifiki huko. Ni mwendo wa miguu wa kilomita 9 kwenda na nyingine 9 kurudi, kwenye mawe na tope. Isitoshe, Magerøya ni kisiwa. Anayeitafuta ncha ya bara la Ulaya lenyewe hana budi kwenda mashariki, Kinnarodden. Basi swali la mwanahistoria ni jepesi kuuliza: jabali hili lilipataje cheo lisichostahili kwa kipimo?

Jibu linaanzia mbali na theluji, katika Bahari ya Hindi. Kufikia katikati ya karne ya 16 njia ya bahari ya kwenda Asia ilikuwa imeshikwa na Wareno. Walikuwa wameipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, wakaichoma Maskati mwaka 1507, wakajenga ngome zao kutoka Msumbiji hadi Hormuz. Mfanyabiashara wa London aliyetamani hariri na viungo hakuwa na mlango. Ndipo kundi la wafanyabiashara hao, wakiongozwa na mzee Sebastian Cabot, walipotuma merikebu tatu mwaka 1553 kutafuta njia ya kuizunguka Ulaya kwa kaskazini hadi Uchina. Dhoruba ilizitawanya merikebu hizo kwenye pwani ya Norwei. Mbili, pamoja na kiongozi wa safari, Hugh Willoughby, zilinaswa na majira ya baridi katika pwani ya Kola, na watu wake wote wakafa. Ya tatu, Edward Bonaventure, ikiwa na Richard Chancellor, ilifika Bahari Nyeupe, na Chancellor akasafiri kwa nchi kavu hadi Moscow, kwenye baraza la Ivan IV. Uchina hawakuiona.

Katika safari hiyo msimamizi wa Edward Bonaventure, Stephen Borough, aliliita jabali hilo Rasi ya Kaskazini. Yeye mwenyewe aliliandika jambo hilo aliporudi katika maji yale mwaka 1556. Hakushuka kulikanyaga. Aliliona kutoka sitahani, na hapo ndipo siri ya cheo chake ilipo. Machoni pa baharia anayepita, ukuta mweusi wa mita 300 hauna mshindani, na ulimi wa Knivskjellodden haujitokezi. Jina lilifuata jicho la mpita njia.

Wenyeji walikuwa na majina yao. Wanorwei wa kale waliliita Knyskanes. Wasami, ambao Magerøya wanakiita Máhkarávju, walilijua jabali lililochongoka kama pembe kando ya rasi, ambalo mapokeo yanasema palikuwa mahali pa kutolea sadaka. Wasomaji waliokulia Uswahilini hawana haja ya kuelezwa maana ya kuona pwani ikibatizwa na nahodha mgeni. Mnara wa mawe wa Vasco da Gama bado umesimama Malindi. Kinachostaajabisha ni kwamba misiba miwili hii ina mzizi mmoja. Kama mlango wa Bahari ya Hindi ungekuwa wazi, kama ulivyokuwa kwa manahodha wa Kigujarati, wa Kiarabu na wa Kiswahili kabla ya 1498, huenda hakuna Mwingereza ambaye angejisumbua kupita chini ya jabali hili akielekea Uchina.

Msafiri wa kwanza anayejulikana kwenda Nordkapp kwa ajili ya kufika tu, bila biashara wala ramani ya kuchora, alikuwa kasisi wa Ravenna, Francesco Negri. Aliondoka Italia mwaka 1663, umri wake ukikaribia miaka 40, akafika mwaka 1664. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1700, miaka miwili baada ya kifo chake. Wapenzi wa safari za pikipiki humhesabu kama babu yao, na kwa namna fulani wana haki: alikwenda peke yake, hakutumwa, na alirudi na hadithi. Lakini neno “peke yake” linahitaji kupekuliwa. Pwani ya Finnmark haikuwa na barabara. Mgeni hakuwa na chombo ila mashua ya mvuvi, hakuwa na malazi ila paa la mvuvi huyohuyo, na chakula chake kilikuwa samaki waliokaushwa kwa upepo, ng'onda wa nchi ya baridi. Waliomvusha na kumlaza hawakuandika vitabu. Upweke wa msafiri mara nyingi ni jambo la uandishi: wenzake huondolewa wino ukishika kazi.

Baada yake wakaja wakubwa. Louis-Philippe, aliyekuja kuwa mfalme wa Ufaransa, alifika mwaka 1795 akiwa mkimbizi mwenye jina la bandia. Mfalme Oscar II alipanda juu mwaka 1873, na miaka miwili baadaye kampuni ya Thomas Cook ikaleta kundi la kwanza la watalii. Mwaka 1907 alifika Chulalongkorn, mfalme wa Siam, na jina lake likachongwa kwenye mwamba. Chancellor alishindwa kuifikia Asia kwa njia hii. Asia ikaja yenyewe, kwa meli ya mvuke, kutazama jua lisilozama. Wote hawa walishushwa kwenye ghuba ndogo ya Hornvika na kuparamia mteremko kwa miguu.

Barabara ilifunguliwa mwaka 1956, na miaka inayoitangulia haisimuliwi mara nyingi kwenye uwanja ule wa magari. Desemba 1943 manowari ya Kijerumani Scharnhorst ilizamishwa katika maji ya rasi hiyo. Kati ya watu karibu 2,000 waliokuwamo, 36 tu waliokolewa. Msimu wa vuli wa 1944 jeshi la Ujerumani lilipokuwa likirudi nyuma liliiteketeza Finnmark kijiji kwa kijiji. Honningsvåg, mji wa kisiwa hicho, ulichomwa wote, likabaki kanisa lake la mbao, na waliorudi mwanzoni walilala humo. Mpanda pikipiki anayejaza mafuta Honningsvåg leo amezungukwa na nyumba ambazo karibu zote zimejengwa baada ya moto huo. Anaweza kulitazama kanisa na kuliona zuri tu.

Upande wa Afrika Mashariki pikipiki yenye mtu mmoja huonekana kama chombo kilichokwenda nusu tupu. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani, kwenye baiskeli zilizobeba watu na mizigo yao kati ya Kenya na Uganda, na hadi leo maana ya chombo hicho ni abiria. Huko Nordkapp kiti cha nyuma hubeba hema, na kuachwa kwake bila mtu ndiyo fahari ya safari. Si lazima kuidharau fahari hiyo. Anayepanda E69 katika upepo wa pembeni, mikono imekufa ganzi, amelipa kitu ambacho abiria wa basi la watalii hajalipa. Ila handaki lilifunguliwa mwaka 1999 kwa fedha na jasho la wengine, na wakati wa baridi kilomita za mwisho, kutoka njia panda ya Skarsvåg, hupitwa kwa msafara tu, nyuma ya gari la kuondoa theluji. Hakuna anayefika Nordkapp Januari akiwa peke yake.

Kuna wafikao kila mwaka bila kupiga picha. Wafugaji wa Kisami huwaleta kulungu wao Magerøya kwa malisho ya kiangazi. Kwa miaka mingi vyombo vya jeshi la wanamaji viliwavusha majira ya kuchipua, kwa kuwa ndama na majike wenye mimba hawawezi kuogelea mkondo ule. Mnamo Septemba, pikipiki zinapopungua barabarani na wanyama wakiwa wamenenepa, wafugaji huwakusanya ufukweni. Kulungu huingia majini wenyewe, pembe zikiwa juu, na kuogelea karibu kilomita mbili hadi bara, juu ya handaki.